Pima Mara Tatu

Kazi yangu ni kukagua mizani.
Miaka kumi na tisa nimeuzunguka mji huu wa Fall River
na sanduku la mawe ya kupimia, ya shaba, mazito kama deni,
kuanzia bucha la Arruda hadi pampu za petroli kule darajani,
na kanuni yetu ni fupi, hata mtoto ataikariri:
pima mara tatu, andika zote tatu.
Usichague.

Leo ni usiku wa mwisho wa Desemba.
Theluji imegoma, inanyesha mvua ya barafu tu,
na binti yangu Odília ameitua kompyuta mezani
kati ya mkate mtamu na bili ya gesi.
Vyuo sita. Kila kimoja na mlango wake,
kila mlango na bawabu wake.

Kimoja kinasema: tuletee siku yako iliyo bora.
Kingine: leta vipande, kuunga tutaunga sisi,
Kusoma kwa Machi, Hesabu ya Oktoba,
mia sita na themanini huku, mia saba na thelathini kule,
jumla elfu moja mia nne na kumi.

Namtafuta huyo msichana wa elfu moja mia nne na kumi.
Hajaamka asubuhi hata moja.
Hana kiti alichokikalia, hana penseli aliyoitafuna.
Nikimkuta muuza nyama anaunga ratili namna hii
duka nalifunga kabla ya saa sita.

Lakini cha tano, kile anachokitaka,
ambacho picha yake imeganda kwenye friji tangu darasa la tisa,
kinasema: zote. Kila mara uliyoketi.
Hawana namna ya kutuchungulia.
Wanategemea neno lako.

Zote, maana yake na Juni.
"Elfu moja mia moja na themanini," anasoma,
kama muuguzi anayesoma joto la mgonjwa.

Nikasema, mimi, mtu wa mawe ya shaba:
"Iache hiyo. Nani atajua?"

Akageuka. Ana macho ya mama yake, hayapepesi.
"Baba, Bwana Arruda akikuambia hivyo,
humjibuje?"

Nikainuka kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa sababu najua kilichopimwa Juni.
Usiku wa kuamkia mtihani ule
mimi na Lucinda tulirushiana maneno hadi saa kumi alfajiri,
sahani ya harusi ikapasukia kwenye sinki,
na ukutani, upande wa pili, kitanda cha mtoto
kililia kila alipogeuka.
Asubuhi nilimpeleka mimi, redio juu, ili asiniulize.
Jioni masanduku mawili yalikuwa yameshafika Providence.

Muuza nyama mwizi huwa hagusi mawe.
Hulaza kidole tu pembeni mwa sahani,
kidogo, huku anakuuliza habari za nyumbani.
Tulilaza vidole sisi wawili
juu ya mizani ya mtoto.

"Wametoa nafasi ya maelezo?" nikauliza, mgongo nimempa.
"Ipo. Maneno mia mbili na hamsini."
"Basi waandikie. Waandikie ilivyokuwa. Nitaje."

Birika likaanza kuimba. Alikaa kimya mpaka nikalizima.
"Hiyo ni ya nyumbani," akasema.
Akabonyeza.

Ikaenda Machi, ikaenda Oktoba,
na katikati yao ikaenda Juni,
peke yake, bila shahidi.

Akakata mkate, akanisukumia kipande kikubwa,
akaniuliza kama kadi ina hela za kutosha kwa kile cha sita.
Nikamwambia ina.
Sikuwa na hakika.

Kesho ofisi imefungwa.
Keshokutwa naanzia kwa Arruda.